Fundi wa Ukonga na Diski ya Mama Yangu

Ujumbe uliingia asubuhi, nikiwa kwenye kikombe cha pili cha chai, kile ambacho daktari amenikataza. "Fundi ametutoka alfajiri hii. Mazishi kesho saa tisa, Ukonga." Nikausoma mara mbili, kisha nikafanya jambo la kipuuzi: nikaanza kujiuliza ni fundi yupi. Kwenye simu yangu wamo mafundi saba, na wote nimewahifadhi kwa kazi zao. Yupo Fundi Bomba, yupo Fundi Friji, yupo Fundi Paa. Huyu aliyefariki ndiye pekee niliyemwandika Fundi, basi, bila neno la kuongeza, kwa sababu aliwatangulia wenzake wote, na kwa sababu katika miaka karibu thelathini ya kujuana naye sikuwahi kuona haja ya kuongeza. Nyie wasomaji wangu mmenizoea nikigombana na wenye mabasi na wapandisha bei ya sukari. Leo wa kugombana naye ni mimi mwenyewe, na nawaomba mnivumilie, maana habari hii nimeibeba tangu mazishini na inanielemea.

Nilimfahamu katikati ya miaka ya tisini, wakati milango ya nchi ilipofunguliwa na kila kitu kikaingia kwa pamoja: nguo za mitumba, magazeti ya watu binafsi, na kompyuta zilizochoka huko zilikotoka. Mimi nilikuwa msahihishaji wa maandiko kwenye mojawapo ya magazeti hayo mapya. Yeye alikuwa ametoka kupunguzwa kazini katika shirika la umma lililovunjwa, ambako kwa miaka mingi alitengeneza mashine za taipu. Wenzake waliopunguzwa naye wengi walifungua maduka ya vinywaji. Yeye alinunua mwongozo wa kompyuta uliokwisha chanika jalada, akausoma hadi kurasa zikaachana, akaanza kuzunguka Kinondoni na Temeke na begi la ngozi la kiofisi, begi ambalo ungedhani ni la wakili. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kufuta mikono kwa leso kabla ya kugusa chochote. Nilijua kwamba anakaa Ukonga na kwamba alikulia huko huko, kwenye nyumba za askari magereza, kwa mjomba wake. Hayo aliyasema mwenyewe siku moja tukisubiri umeme urudi. Nikaitikia "ahaa", tukaendelea na mambo ya umeme.

Jambo la kwanza lililonishangaza kwake ni kwamba alikuwa anakuja kutazama kompyuta iliyo nzima, haina ubovu. Pale Temeke palikuwa na mama mmoja wa mtaani kwetu aliyefungua ofisi ya kuchapa na fotokopi, chumba kimoja cha mbele ya nyumba yake, na kompyuta yake ilikuwa ndiyo fahari ya mtaa. Alikuwa ameifunika kitambaa cha kufuma kama makochi, na hakuna aliyeingia na viatu. Kila mwanzo wa mwezi fundi alikuwa anafika, anavua viatu, anaketi mbele ya mashine. "Mbona haijaharibika?" mama alimuuliza mwezi wa kwanza. "Ndiyo maana nimekuja, mama," akajibu. Akaifungua ubavuni, akaona kifeni cha ndani kimeziba masizi meusi yanayonukia vizuri ajabu. Akamtazama mama. Mama akatazama pembeni. Ikabainika kuwa kila Ijumaa asubuhi alikuwa anaweka chetezo cha udi na ubani chini ya meza ya kompyuta, kuvuta wateja na kufukuza husuda. "Mama," fundi akamwambia kwa adabu zote, "hii kompyuta imefukizwa kuliko bibi harusi. Chetezo kisogeze pale mlangoni. Wateja watakinusa hata wakiwa barabarani." Mama alicheka hadi akatoa machozi, na chetezo kikahamia mlangoni siku ile ile.

Ile leso, lile begi na ule utaratibu wake ndivyo vilivyomtofautisha. Ndani ya begi, kwenye mfuko wa nailoni, mlikuwa na disketi moja ya bluu aliyoiita ya kuwashia. Kwa nyie mliozaliwa baadaye: kompyuta kwa kawaida hujiwasha kutoka kwenye diski yake ya ndani, kile kisanduku cha chuma kinachotunza kila kitu. Sasa ikiwa hicho kisanduku ndicho kinachoumwa, kukiamsha kwa nguvu kila mara ni kumbebesha mgonjwa gunia. Fundi alikuwa anaiwasha mashine kutoka kwenye disketi yake, huku diski ya ndani imelala hajaisumbua. Ile disketi ilikuwa na kijidirisha pembeni, ukikifungua haiandikiki tena, na yeye alikifungua siku zote, ili virusi vya huku asivipeleke kule. Kioo kilikuwa cheusi chenye maandishi meupe, wala hakipendezi kutazama. Kisha, kabla ya kubonyeza chochote, alikuwa anamgeukia mwenye mashine na kumuuliza swali lile lile: "Ndani mna nini ambacho kikipotea utalia?" Hicho ndicho alichokinakili kwanza. Akishakitoa, ndipo aliipima diski kipande kwa kipande, nukta nyeupe zikijaa kwenye kioo, na penye ubovu ikijiandika herufi moja. Kutengeneza kulikuja mwisho kabisa.

Wenzake hawakuwa na subira hiyo. Mji ulikuwa umejaa mafundi wa ghafla, na dawa yao ilikuwa moja kwa kila ugonjwa: kufomati. Kompyuta haijiwashi, fomati. Ina virusi, fomati. Inakwenda polepole, fomati. Kufomati ni kufuta kila kitu na kuanza upya, na kwa kweli mashine ilikuwa inatoka pale nyepesi na yenye mbio, mwenyewe anafurahi, analipa, kisha jioni anatafuta barua zake za mwaka mzima na hazipo. Nadhani ndivyo tulivyokuwa sote miaka ile. Tulivunja mashirika, tukaondoa watu waliojua kazi, tukafuta na kuanza upya, na hakuna aliyeuliza kwanza ndani mna nini. Fundi mwenyewe alifutwa hivyo. Shirika lilipofungwa, mafaili ya mashine zote za taipu alizozihudumia kwa miaka yalitupwa nje kwenye mvua, na aliponisimulia hilo alikuwa anacheka, lakini alilisimulia mara nyingi mno kwa mtu anayeliona la kuchekesha.

Sasa nije kwa mama yangu. Mama alikuwa mkunga wa mtaa. Kabla ya hospitali kuwa karibu na baada ya kuwa karibu, wanawake wa Temeke walimgongea dirisha, naye akatoka na beseni lake. Alijua kusoma na kuandika, jambo ambalo wakunga wenzake wengi hawakulijua, na kila mtoto aliyempokea alimwandika kwenye daftari: siku, mwezi wa Kiislamu na wa kizungu, jina la mama, nyumba gani, na neno moja mawili ya kumkumbuka. "Mapacha, mmoja katangulia miguu." "Kazaliwa na jino." "Baba yake safarini." Daftari zilikuwa kumi na kitu, na katika miaka ya tisini zikawa na thamani ambayo mwenyewe hakuitegemea, kwa sababu watu wazima walianza kuja barazani kwake kuuliza walizaliwa lini. Kila kitu sasa kilitaka cheti. Pasipoti ilitaka cheti, kazi kwenye makampuni mapya ilitaka cheti, na wengi waliandikiwa tarehe na mwalimu wa darasa la kwanza, aliyewatazama urefu tu. Mama alikuwa anafungua daftari, anapitisha kidole, anasema, "Wewe ni wa Jumanne." Nimeona wanaume wenye ndevu wakitoka pale wanafuta macho.

Lakini macho ya mama yalianza kuingia ukungu, mtoto wa jicho, na mchwa nao wakaanza kuzila daftari kutoka chini. Mie, kijana msomi wa gazeti, nikaja na wazo la kisasa. Nikazipeleka kwa mama wa ofisi ya kuchapa, akazichapa zote, kazi ya miezi miwili, akaihifadhi kwenye kompyuta chini ya jina la mama. Tulikubaliana tutatoa nakala ya karatasi wino ukipatikana. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo hadi leo nikilitaja mke wangu anatoka chumbani. Pale nje kwetu palikuwa na dada anayekaanga karanga, siku zote anahangaika na karatasi za kufungia. Siku moja akaniomba kama nina gazeti kuukuu. Gazeti sikuwa nalo. Nikampa zile daftari. Nilijiambia kwamba zimeshaingia kwenye kompyuta, mchwa wanazila, za nini tena. Wiki ile ile nikanunua karanga kwake, nikafungua karatasi, nikasoma kwa mwandiko wa mama: "Jumatano, mvua ndogo, kamlilia baba." Nikaona jambo la kupendeza. Nikatafuna karanga, karatasi nikaitupa.

Miaka ile umeme ulikuwa wa mgao. Ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, na siku moja ukakatika wakati mama wa ofisi yuko katikati ya kuhifadhi kazi. Uliporudi, kompyuta haikujiwasha. Ilikuwa inagonga kwa ndani, tak, tak, tak, kisha kimya. Mama wa ofisi akaniita. Tayari alikuwepo kijana mmoja wa mtaa wa pili, amekunja mikono ya shati, anasema hii ni ya kufomati tu, dakika ishirini mama unaendelea na kazi. Nikakimbia kwa dada wa karanga. Daftari zilikuwa zimekwisha, kabakiwa na jalada moja ambalo alilikalia. Nikarudi mbio, nikamshika yule kijana mkono wakati kidole chake kiko juu ya kitufe, nikamwambia asiguse, tunamsubiri wa Ukonga.

Wa Ukonga alifika kesho yake, akavua viatu, akafuta mikono. "Ndani mna nini ambacho kikipotea utalia?" akamuuliza mama wa ofisi. Mama akaninyooshea kidole mimi. Nikamweleza. Nilimweleza hadi habari ya karanga, kwa sababu mbele ya mtu mpole hivyo ni vigumu kuficha. Hakunilaumu. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Mama yako alikuwa anaandika kwenye daftari mwenyewe? Kwa mkono wake?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa polepole, akachomeka disketi ya bluu, akawasha. Kioo kikawa cheusi, maandishi meupe yakaja. Aliweka sikio ubavuni mwa mashine kama anasikiliza kifua cha mtoto, na kila diski ilipoanza kugonga aliisimamisha, akaipumzisha, akampa mama wa ofisi upepeo wa ukindu wa kuipepea. Alikuwa na programu ndogo iliyosoma palipo pazima na kuruka palipo pabovu. Kazi ilianza saa tatu asubuhi. Kufika saa tisa, orodha ya mama yangu ilikuwa imetoka, imeingia kwenye disketi nne.

"Imetoka," akasema. "Ila kuna kipande katikati hakisomeki. Kama kurasa tano." Akanionyesha kwenye kioo. Majina yalikuwa yanashuka vizuri hadi mwanzoni mwa mwaka wa uhuru, kisha yakawa uchafu wa alama zisizo na maana, kisha yakaendelea mwaka uliofuata. "Nikikilazimisha, nikiiambia irudie na kurudia, kinaweza kutoka. Lakini diski inaweza kufa hapo hapo, na barua za mama huyu bado sijazitoa, disketi zimetuishia." Akanitazama. "Unasemaje? Tulazimishe? Au nizitoe kwanza barua kesho, halafu tujaribu, ingawa kesho inaweza isiamke kabisa." Nakumbuka sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku. Mie nilikuwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu, nataka kwenda nyumbani. Nikamwambia, "Acha, bwana. Kurasa tano tu. Majina machache hayo, nani atakuja kuyauliza?" Akatazama tena kile kipande kwenye kioo. Kisha akasema, "Sawa, kaka," akazima. Kesho yake barua zilitoka, na diski ikafa mchana, kama alivyosema.

Malipo hakutaka. Alimwomba mama wa ofisi ampe ile diski mbovu, mama akampa, akashangaa ya nini. Mimi aliniomba jambo dogo zaidi. "Ningependa nije siku moja nimwamkie mama." Nikasema karibu sana, siku yoyote. Lakini moyoni niliingiwa na hofu, kwa sababu mama hakujua lolote: si kufa kwa diski, si kurasa tano, si karanga. Huyu akija na adabu zake, akaulizwa kidogo tu, angesema kweli yote. Alipokumbusha mwezi uliofuata, nikamwambia mama hajisikii vizuri. Alipokumbusha tena, nikasema amesafiri kwenda Mbagala kwa dada yake. Mara ya tatu alianza, "Nilikuwa nasema, kaka, kuhusu kumwamkia mama," na mimi nikadakia kwamba nina haraka ya ofisini. Hakuuliza tena.

Mama alikuwepo nyumbani siku zote tatu. Nilikuwa nimeitoa ile orodha kwenye karatasi, nimeitia kwenye faili gumu, na alasiri nilikuwa namsomea barazani, maana macho yalikwisha kufunga. Alikuwa ananisikiliza huku anachambua mchele kwa vidole. Siku moja akaninyamazisha kwa mkono. "Umeruka," akasema. Nikamuuliza wapi. "Mwaka wa uhuru umeupita mbio. Yuko wapi yule mtoto wa mama wa bara? Siku ya kwanza ya mfungo, adhana ya alfajiri inaadhiniwa na yeye anatoka. Nilifunga siku ile bila kuonja daku. Masikini mama yake hakumaliza arobaini, akaja kaka yake askari wa jela akamchukua mtoto. Umemwandika?" Nikamwambia, "Yupo mama, ukurasa wa mbele." Akasema, "Haya. Maana huyo atakuja tu kuuliza." Kisha akaendelea na mchele. Sikuandika alichosema. Ningekiandika vipi, na mimi nimeshasema kipo? Mama alifariki mwaka uliofuata, Mungu amrehemu, na waliokuja kuuliza tarehe zao baada ya hapo niliwasomea mimi kutoka kwenye faili.

Miaka ikapita. Nikahamia huku Wazo, kwenye vumbi la saruji, na fundi akawa anakuja mara mbili kwa mwaka kuzipima kompyuta zangu. Disketi zilikufa, zikaja sidii, zikafa nazo, akaja na flashi, kidude cha ukubwa wa kidole alichokifunga kwenye funguo za nyumba. Alikichomeka, akaiwasha mashine kutoka humo, diski yangu ikabaki imelala, na swali likawa lile lile: "Ndani mna nini ambacho kikipotea utalia?" Nilikuwa nikimtania kwamba nimezeeka, sina tena cha kulilia. Mara ya mwisho, mwaka jana, alikuwa amekonda. Akaipima diski hadi nukta ya mwisho, akasema nzima, akafuta mikono. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama mama alipata kuacha karatasi nyingine yoyote, hata ya kukumbuka tu. Nikasema hapana, bwana, zilikwenda na karanga zile. Tukacheka wote wawili.

Mazishini Ukonga wasifu wake ulisomwa na mwinjilisti mwenye sauti nzuri. "Marehemu alizaliwa Temeke mwaka wa uhuru. Tarehe haikufahamika." Nilisikia lakini sikusikia. Makaburini niliuona msalaba, mbao mpya, rangi nyeupe bado inanata. Pameandikwa KUZALIWA, pembeni patupu. Chini yake KUFA, na tarehe kamili. Tuliporudi nyumbani, mjane wake akaniita chumba cha nyuma. "Shemeji, hii aliniambia nikupe wewe mwenyewe mkononi." Ilikuwa ile diski. Imefungwa kwenye leso, na juu imebandikwa plasta yenye mwandiko wake: "Temeke, mama mkunga. Usifomati." Nikamuuliza aliiweka ya nini miaka yote. Akaketi kitandani, akanieleza. Mjomba wa marehemu alimwambia akiwa mdogo kwamba aliyempokea ni mkunga wa Temeke aliyekuwa anaandika watoto kwenye daftari, na kwamba siku moja aende akaulize. Tarehe ya kwenye cheti aliandikiwa na mwalimu. Aliikataa, akakataza isiandikwe hata msalabani. "Kila alipopata chombo kipya alikuwa anaijaribu hii, taratibu, haiamki, anaifunga tena. Watoto wakikata keki za siku zao anasema, mie yangu bado inasomwa." Nikamuuliza kwa nini siku ile hakuniambia kwamba na yeye yumo humo. "Alisema ulishasema acha," akajibu. "Alisema angeonekana anahatarisha barua za mama wa watu kwa ajili ya jambo lake mwenyewe."

Nikamwambia mjane. Nilimwambia yote, na safari hii sikuruka: siku ya kwanza ya mfungo, mwaka wa uhuru, adhana ya alfajiri, mama wa bara ambaye hakumaliza arobaini, kaka yake askari wa jela. Mama yangu alimkumbuka hadi alivyokosa daku. Alikuwa anamsubiri aje kuuliza. Mwanamke yule akaniuliza, "Ulikuwa unajua miaka yote hiyo?" Nikamwambia nilikuwa nayo, lakini sikujua ni ya kwake, kwa sababu sikuwahi kumuuliza yeye ni mtoto wa nani. Hakunigombeza, laiti angenigombeza. Alisema tu, "Angefurahi sana," akachukua kalamu, akaniomba niyarudie polepole ayaandike. Sheikh wa msikitini kwetu amenitafutia tarehe yenyewe kwenye kalenda za zamani, nimempelekea mjane, na siku ya arobaini msalaba utajazwa.

Angeingia barazani kwa mama kwa dakika moja tu, akasema shikamoo, mama asingemwacha aketi kabla hajamuuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Ndivyo wazee wetu walivyokuwa wanawasha mazungumzo. Sie tumeliacha swali hilo, tunaliona la kishamba, tunauliza mtu anafanya kazi gani na tunamhifadhi kwa kazi hiyo. Yeye alimuuliza kila mtu kilichomo ndani kabla ya kugusa mashine yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza yeye, na mimi niliyekuwa na jibu nilimfungia mlango mara tatu kuficha aibu ya karanga. Kwa hiyo nawaomba: fundi akija kwenu, kabla hamjamwonyesha kilichoharibika, muulizeni yeye ni nani.

Niliporudi kutoka Ukonga nilikaa na simu, nikafuta neno Fundi, nikaandika majina yake matatu, ingawa namba ile haitapokelewa tena. Kisha nikampigia Fundi Bomba. Nikamuuliza, "Hivi wewe ni mtoto wa nani?" Akashtuka. "Kuna nini mzee, bomba limepasuka?" Nikamwambia hapana, mabomba ni mazima yote. Akacheka, kisha akaanza kunitajia wazee wake.